Tiba ya kurejea maisha yaliyopita: unacholipia na unachoondoka nacho

Tuanze na hukumu, maana wapo watakaosoma hapa namba ya malipo wameshainakili: kwa tatizo la hisia linalokusumbua leo, huduma hii haifai hela yake. Si kwamba kila kilichomo ni takataka. Kuna nusu saa ya kutuliza mwili ambayo ni nzuri kweli, na kuna mtu anayekusikiliza saa mbili bila kuchungulia simu, jambo ambalo mjini hapa ni adimu kuliko maji ya bomba wakati wa kiangazi. Shida ni kile kinachowekwa katikati ya hivyo viwili.

Tunachopima ni vikao vya kumrudisha mtu kwenye maisha aliyoishi kabla ya kuzaliwa, kwa njia ya hipnosisi, yaani kulegezwa na kuelekezwa kwa sauti mpaka akili izame, vinavyouzwa kama tiba ya hofu isiyoelezeka, huzuni ya muda mrefu, wivu uliopitiliza, ndoa zisizodumu, kuogopa maji au kuogopa urefu. Mkazi wa Dodoma huvifikia kwa njia tatu. Kuna sauti zilizorekodiwa, nyingi za bure, za dakika 30 hadi saa nzima, karibu zote kwa Kiingereza. Kuna kikao cha mtu mmoja kwa simu ya video, saa 2 hadi 3, mtoa huduma akiwa nchi nyingine na bei ikitajwa kwa dola. Na kuna semina ya kundi, ambako watu wengi hurudishwa kwa pamoja kwa sauti moja. Ramani ya safari ni ile ile kwa zote tatu.

Kikao cha mtu mmoja huanza na mahojiano ya dakika 30 hadi 60. Unaulizwa unaogopa nini, nani anakuumiza, ndoto gani inajirudia, na nchi au zama gani zinakuvutia bila sababu. Hilo swali la mwisho likumbuke. Kisha unalala chali au unaegemea kiti, unafumba macho, unavuta pumzi ndefu, misuli inalegezwa kwa zamu kuanzia nyayo hadi paji la uso. Hapo zimekwenda dakika 10 hadi 20. Inafuata kuzamishwa: unahesabiwa kutoka 10 kurudi 1 huku ukijiona unashuka ngazi, sauti ya msemaji ikipungua kasi na kushuka.

Halafu daraja. Wengine wanakupitisha utotoni, wanakufikisha tumboni mwa mama, kisha wanakwambia uende nyuma zaidi. Wengine wanakuweka kwenye korido ndefu yenye milango uchague mmoja. Wenye ujuzi zaidi hutumia daraja la hisia, mbinu aliyoieleza mwanasaikolojia wa Marekani John Watkins mwaka 1971: unaombwa uipandishe ile hofu mwilini, kifuani au kooni, kisha uifuate kurudi nyuma mpaka mara ya kwanza ulipoihisi. Mbinu yenyewe haikulazimishi kutoka nje ya maisha haya. Swali linalofuata ndilo linalokutoa.

Ukishavuka unaambiwa utazame miguu yako. Karibu wote huanzia miguuni, na wana sababu: ni swali dogo lisilohitaji kujua historia, na kila mtu akiambiwa awaze miguu atapata miguu. Yanafuata mavazi, mikono, jinsia, watu waliopo, jina la mahali, mwaka. Unasogezwa kwenye tukio kubwa la maisha hayo, kisha kwenye siku ya kufa. Unaelea juu ya mwili, unautazama, unaulizwa umejifunza nini na ni nani wa leo uliyemwona kule. Unasamehe. Unahesabiwa 1 hadi 5, unafumbua macho, mnazungumza dakika 20 au 30.

Sasa tazama kwa karibu namna kumbukumbu inavyojengwa. Huu ni mfano tuliouunda, lakini ndivyo mazungumzo yanavyokwenda:

“Tazama miguu. Umevaa nini?”
“Sijui… labda ndala.”
“Ndala za ngozi?”
“Eeh, za ngozi.”
“Ardhi chini ikoje?”
“Vumbi. Jekundu.”
“Kuna watu wengine wanatembea nawe?”
“Wapo.”
“Wamebeba kitu?”
“Mizigo… wamebeba mizigo.”
“Kuna anayewaamuru?”

Hesabu mwenyewe. Ngozi imetoka kwa muulizaji. Watu wametoka kwa muulizaji. Kubeba kumetoka kwa muulizaji, na msimamizi naye yuko njiani anakuja. Mteja amechangia “labda ndala”, vumbi jekundu, na mizigo, na hata mizigo alikuwa ameshawekewa mikono ya kuibeba. Kwa yeyote aliyesoma historia ya shule ya msingi Tanzania, hapo hadithi imeshajipanga: msafara, pembe za ndovu, Mpwapwa, Ugogo, mahongo (ushuru wa kupita) kwa watemi. Ikifika dakika ya arobaini, mteja analia kwa uchungu wa mnyororo shingoni, na machozi ni ya kweli. Hakuna aliyedanganya. Mwisho wa siku kuna hadithi yenye wahusika, jina na kifo, na kila kipande chake kilitoka ama kwenye swali ama kwenye stoo ya mambo ambayo mteja alishayasoma, kuyasikia au kuyaona kwenye filamu.

Ndiyo maana lile swali la mahojiano lina uzito. Ukisema unapenda sana mambo ya Misri, usishangae mlango ukifunguka Misri.

Hili limepimwa. Mwaka 1982 Robert Baker, mwanasaikolojia wa Marekani, alichapisha jaribio la wanafunzi 60 waliogawanywa makundi matatu ya 20. Kundi la kwanza liliambiwa tiba hii ni ya kusisimua na inafanya kazi; la pili likapewa maelezo yasiyoegemea upande; la tatu likaambiwa ni upuuzi. Wote wakarudishwa kwa utaratibu mmoja. Kundi la kwanza, asilimia 85 waliona maisha yaliyopita. La pili, asilimia 60. La tatu, asilimia 10. Kama ingekuwa ni kumbukumbu iliyolala ndani ikisubiri kuamshwa, maneno ya utangulizi yasingeweza kuitoa kwa watu 17 na kuizuia kwa 18.

Nchini Kanada, Nicholas Spanos wa Chuo Kikuu cha Carleton na wenzake walikwenda mbali zaidi, na kazi yao ilichapishwa mwaka 1991. Waliodokezwa mapema kwamba zamani watoto waliteswa mara kwa mara, walirudi na maisha yenye mateso ya utotoni zaidi ya wasiodokezwa. Walipoulizwa mambo yanayoweza kuhakikiwa, wengi walianguka. Mmoja alisema yeye ni Julius Caesar, mfalme wa Roma, mwaka 50 baada ya Kristo. Caesar aliuawa mwaka 44 kabla ya Kristo na hakuwahi kuvikwa ufalme. Mwingine alikuwa rubani wa kivita wa Japani mwaka 1940 asiyejua jina la mfalme wake, na aliyesema nchi yake ilikuwa na amani, wakati ilikuwa vitani na China.

Kisa kilichoipeleka biashara hii duniani ni cha Virginia Tighe wa Pueblo, Colorado, ambaye kuanzia mwaka 1952, chini ya hipnosisi, alijieleza kama Bridey Murphy, mwanamke wa Ireland aliyezaliwa 1798 na kufariki 1864. Waandishi walikwenda Ireland, rekodi za kuzaliwa wala kufa kwake hazikuonekana. Kilichoonekana ni huko Chicago alikokulia Virginia: jirani wa familia, mwenye asili ya Ireland, aliyeitwa Bridie Murphy Corkell. Ubongo huhifadhi habari na kupoteza risiti.

Na hipnosisi haiongezi usahihi wa kumbukumbu. Inaongeza uhakika wa anayekumbuka. Chama cha Madaktari cha Marekani kilisema mwaka 1985 kwamba yanayokumbukwa chini ya hipnosisi yanaweza kuchanganyika na ya kubuni, na kwa jumla hayaaminiki kuliko yanayokumbukwa bila hiyo. Hata Ian Stevenson wa Chuo Kikuu cha Virginia, aliyetumia miaka mingi kukusanya visa vya watoto wanaodai kukumbuka maisha mengine, aliitilia shaka kubwa njia hii ya hipnosisi. Mhindu au Mbudha mwenye imani ya kuzaliwa upya hana sababu ya kuudhika na tathmini hii. Imani yake haikusimama juu ya mtu wa mtandaoni anayehesabu kutoka 10 hadi 1.

Kuna kipimo cha nyumbani kwa anayerudi akisema aliishi hapa hapa Ugogo enzi za Wajerumani. Muulize alilipwa nini kwa kazi. Akisema shilingi, hapo pana shaka: fedha ya Mjerumani ilikuwa rupia, na tangu 1904 iligawanywa kwa hela. Muulize aliiitaje nchi. “Tanganyika” kama jina la koloni lilianza 1920, Mjerumani keshaondoka. Akisema alipanda treni Dodoma, iwe ni baada ya 1910 reli ilipofika. Na akitaja njaa ya Mtunya ya 1917 hadi 1920 kwa usahihi kabisa? Haithibitishi kitu, kwa sababu wazee wa Kigogo wameisimulia kwa vizazi. Swali zuri ni lile ambalo jibu lake halijulikani na yeyote aliyemo kwenye kikao wala halijawahi kusimuliwa nyumbani kwao, ila lipo kwenye nyaraka. Watoa huduma wengi hawaliulizi, na ukiwabana watakwambia ukweli wa kihistoria si muhimu, muhimu ni kupona.

Basi tuje kwenye kupona, maana hapo ndipo watu wanapotetea huduma hii kwa nguvu.

Wengi hutoka wakiwa wepesi. Hilo hatulipingi. Mwili uliolegezwa misuli kwa nusu saa, pumzi ikiwa ndefu, huondoka na wasiwasi mdogo kuliko ulioingia. Kulia mbele ya mtu asiyekuhukumu kunapunguza mzigo. Na kupata maelezo ya jambo lililokuwa halielezeki kunatuliza, hata maelezo yakiwa ya kubuni. Hipnosisi yenyewe ina kazi zake halali hospitalini: maumivu, hofu kabla ya upasuaji, matatizo fulani ya utumbo. Lakini hayo yote unayapata bila safari ya kaburini. Kinachoongezwa na maisha yaliyopita ni kimoja: chanzo cha tatizo kinahamishiwa mahali ambapo hakuna awezaye kufika.

Mchukue mtumishi aliyehamia Dodoma serikali ilipohama, kuanzia 2016 na kuendelea, familia ikabaki Dar. Anakaa chumba kimoja Nkuhungu au Ilazo, anashinda Mtumba kwenye mji wa serikali, jioni hana wa kuongea naye, wikiendi anahesabu nauli. Miaka inapita, usingizi unakatika saa 9 usiku, mke anaanza kuwa mkavu kwenye simu. Kikao kinamwonyesha kwamba mwaka 1700 na kitu alikuwa baharia aliyeiacha familia ikafa njaa, na mke wa leo ndiye yule mke wa kule. Anasamehewa, analia, anatoka mwepesi. Wiki mbili baadaye chumba ni kile kile, kitanda ni kile kile, na barua ya kuomba uhamisho wa mke bado haijaandikwa. Au yule wa mkopo wa kausha damu anayetetemeka kila simu ikiita: hofu yake ina jina, ina kiasi, na ina tarehe ya mwisho wa mwezi. Kumwambia alikuwa mtumwa aliyedaiwa ni kumnyima nafasi ya kukaa na karatasi na kupanga madeni.

Mbaya zaidi ni pale anayetambuliwa kule ni mtu wa hapa. “Yule aliyekunyonga, unayatambua macho yake?” Mteja anasema ni mama mkwe. Hakuna hatua ya kikao inayolifuta jibu hilo baada ya macho kufumbuliwa. Kwa upande wetu hilo peke yake linatosha kuinyima huduma nyota mbili.

Mwili nao husahauliwa. Koo linalobana hufasiriwa kuwa ulinyongwa. Kifua kinachobana, ulichomwa mkuki. Kabla ya mikuki kuna uvimbe wa tezi, asidi ya tumbo inayopanda, upungufu wa damu. Moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, kukonda na kukosa usingizi kunaweza kuwa tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi, na kipimo chake ni cha damu. Mtoa huduma asiyekuuliza kama umepima chochote hospitalini, mwache hapo hapo.

Wapo ambao hawafai kabisa kuingia, hata kwa udadisi. Aliyewahi kusikia sauti au kuona visivyokuwepo. Mwenye ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, hasa akiwa kwenye kipindi cha kupanda. Mwenye kifafa, mpaka daktari wake aseme. Mwenye vipindi vya kujitenga na mwili wake au kupotewa na muda. Anayewaza kujiua, kwa sababu kikao hiki kinamfundisha kwamba kufa ni kuelea kwa amani na kuanza upya. Hilo halitajwi kwenye tangazo lolote tuliloliona. Na aliyeteswa au kubakwa katika maisha haya haya, ambaye daraja la hisia litamrudisha kwenye tukio lenyewe kabla ya kumfikisha Misri, mikononi mwa mtu asiyejua la kufanya.

Ikitokea mtu amefurika, anahema haraka, analia bila kukoma au ameganda, kinachotakiwa ni kumrudisha chumbani haraka na kwa utulivu: afumbue macho, akanyage sakafu kwa nyayo zote, ataje vitu 5 anavyoviona, 4 anavyogusa, 3 anavyosikia, 2 anavyonusa, 1 anachoonja, aseme tarehe ya leo na jina la mtaa alipo. Maji ya baridi usoni husaidia. Kumsukuma “amalizie tukio” ndiko kunakoharibu. Muulize mtoa huduma mapema atafanya nini ikitokea hivyo. Kama jibu ni “haijawahi kutokea kwangu”, basi hajafanya vikao vya kutosha au hatazami.

Kwa simu ya video kuna balaa la ziada. Kikao cha saa 2 hula zaidi ya GB 1, na bando likiisha au umeme ukakatika kwenye mnara, unaachwa katikati. Hofu ya wengi ni kubaki umefungwa usingizini. Haipo hiyo, hakuna anayekwama kwenye hipnosisi, ama utafumbua macho mwenyewe ama utalala kawaida na kuamka. Tatizo ni kuachwa kwenye mandhari ya kifo chako, peke yako, mlango umefungwa, na mtu wa kukutoa yuko bara jingine. Lugha nayo inapunguza thamani. Maelekezo ya kutuliza hufanya kazi kwa sababu huhitaji kuyatafsiri. Anayewaza kwa Kiswahili, na nyumbani Kigogo, hutumia nusu ya nguvu zake kuelewa badala ya kulegea. Mandhari ni ya wengine pia: ngazi za marumaru, ufuo wa bahari, msitu wenye ukungu. Mtoto wa Chamwino huwezi kumtuliza kwa ukungu.

Na rekodi. Vikao vingi hurekodiwa, na ndani yake umesema mambo ya ndoa yako, ya kazini, ya afya. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini kuifuatilia kwa mtu aliye nje ya nchi ni kazi nyingine. Dai nakala ibaki kwako tu, au kataa kurekodiwa.

Upande wa dini tutaugusa kidogo tu. Wateja wengi hapa ni Wakristo na Waislamu, na mafundisho yao hayana nafasi ya roho kurudi katika mwili mwingine. Kinachotokea ni kwamba mtu anatoka kikaoni akiwa na hatia mpya juu ya huzuni ya zamani, anajiuliza alichozungumza nacho kilikuwa nini, na safari inayofuata ni ya kuombewa atolewe pepo. Tatizo moja limekuwa matatu.

Kwa hela hiyo hiyo, au pungufu, Dodoma ina nini? Ina Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, na hapa ndipo penye ukakasi. Utani wa “huyu wa Mirembe” umewafanya watu walio dakika chache kwa bajaji kutoka kliniki ya nje walipe dola kwa mgeni wasiyemjua. Kliniki ya nje si kulazwa: unaandikishwa, unasikilizwa, unapimwa, unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Asiyetaka kuonekana pale aanzie hospitali ya rufaa ya mkoa. Mwanafunzi wa chuo aanzie kwa mshauri wa wanafunzi. Ukiwa na bima, uliza kwanza inabeba nini.

Utakachokutana nacho kwa sonona au wasiwasi ni tiba ya mazungumzo yenye mpangilio, inayofuatilia mawazo na matendo, kwa kawaida vikao 8 hadi 16, na kila kimoja kina kazi ya kufanyia nyumbani. Shirika la Afya Duniani lina mpango mfupi wa vikao 5 vya dakika 90 ambao hata mhudumu asiye mwanasaikolojia anaweza kufundishwa. Zimbabwe wamefika mbali kwa mabenchi ya mazungumzo yanayoendeshwa na akina bibi waliofunzwa. Hofu ya maji au urefu hutibiwa kwa kuikaribia ngazi kwa ngazi: leo beseni, wiki ijayo kingo za bwawa. Inachosha, haina hadithi ya kuvutia, na inafanya kazi. Ukipewa dawa za sonona, jua huchukua wiki 2 hadi 4 au zaidi kuanza kuonekana, na usiziache ghafla kwa sababu mtu wa mtandaoni amesema karma yako imeshafungwa.

Kwa ndoto mbaya inayojirudia, ambayo ndiyo huwapeleka wengi kwenye maisha yaliyopita, ipo mbinu inayotumia mawazo yale yale bila kudai chochote kuhusu jana. Mchana, si kitandani, andika ndoto kwa ufupi. Ibadilishe popote unapotaka: mlango uwe wazi, anayekukimbiza awe mfupi, awepo mtu wa kukusaidia. Andika toleo jipya. Kila siku kaa dakika 10 hadi 20 ukilipitia hilo jipya tu akilini, kwa wiki kadhaa. Anza na ndoto isiyo kali kuliko zote. Wanaoshindwa huwa wamefanya moja kati ya haya: wamerudia ile ya zamani badala ya mpya, au wameacha siku ya nne.

Na ile nusu saa nzuri ya kutulia, unaweza kuwa nayo bure. Kaza misuli ya nyayo sekunde 5, achia sekunde 10 hadi 15, panda kwenye vigimbi, mapaja, tumbo, mikono, mabega, uso. Pumzi ndani kwa hesabu ya 4, nje kwa 6. Jirekodi kwenye simu ukijielekeza kwa Kiswahili chako, au umwombe mtu mwenye sauti unayoipenda akurekodi. Usifanye ukiwa umeshiba sana, utalala. Wala ukiwa na njaa kali.

Kama pamoja na yote bado umeamua kwenda, pima. Jaza dodoso la PHQ-9, la kupima dalili za sonona, lenye toleo la Kiswahili: maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila moja 0 hadi 3, jumla ya juu 27. Alama 10 na kuendelea si za kupuuza. Swali la 9 linahusu kutamani kufa au kujidhuru. Ukiwa na chochote juu ya 0 pale, funga ukurasa wa malipo uende hospitali leo. Jaza kabla ya kikao, jaza tena baada ya wiki 2, na baada ya wiki 6. Alama zikishuka 5 au zaidi na zikakaa, umepata kitu. Zikishuka wiki ya pili na kurudi ya sita, ulichopata ni ule mtulizo, na kifurushi cha vikao sita utakachouziwa hakitabadilisha hilo.

Lipia kikao kimoja kimoja. Mwambie akuulize maswali ya wazi tu, asitaje jinsia, nguo wala mwaka, na asikuulize kule umemtambua nani wa leo. Ruka kabisa mandhari ya kifo. Una haki hiyo. Mtu mmoja unayemwamini awe nyumba ile ile. Kula kidogo saa moja kabla, kojoa, zima simu nyingine. Baada ya kikao usiendeshe gari wala pikipiki kwa nusu saa, unywe maji, na kwa wiki 2 usifanye uamuzi wowote wa ndoa, kazi au fedha unaotokana na ulichokiona.

Nyota zetu: kutuliza mwili 4 kati ya 5. Kusikilizwa 4, kama umempata mpole. Kumbukumbu 0. Usalama 1. Thamani ya hela kwa mtu aliye Dodoma, 1, na hiyo moja ni kwa zile sauti za bure, ambazo unaweza kuzisikiliza dakika 20 za mwanzo kisha ukazima kabla ya milango.